Tchegera Si Kisiwa cha Wageni

Kuna neno lililozoeleka vinywani mwetu hapa Likasi hata halitushtui tena: "mambo ya wazungu". Kupumzika ni mambo ya wazungu. Kuutazama mlima bila kuuchimba ni mambo ya wazungu. Mume kumchukua mkewe wakaenda mahali pazuri wawili tu, bila msiba wala harusi ya mtu inayowaita, hayo nayo ni ya wazungu, tena ya wale wa sinema. Tunaandika ukurasa huu kulipinga neno hilo, kwa sababu vijana wanalisikia kwetu sisi wakubwa, na wanaliamini.

Limesemwa tena hivi karibuni. Baba mmoja na mama mmoja wa mji huu, ambao mwaka ujao watatimiza miaka 25 ya ndoa, walieleza mbele ya watu kwamba hawataki ukumbi. Wataomba Misa ya shukrani, kisha watakula bukari nyumbani pamoja na watoto wao. Fedha yao wanaiweka katika likelemba ili siku moja wafike kisiwani Tchegera, katika Ziwa Kivu, wakae huko siku tatu na kuitazama volkano. Watu walicheka kwanza, kisha wakakasirika. Mmoja alisema huo ni ubinafsi. Mwingine alisema kwamba wakitaka kisiwa cha volkano basi waende Morisi au Réunion kama watu wenye fedha zao. Wa tatu, kwa sauti ya uchungu, aliuliza inawezekanaje mtu apange matembezi huko Goma, mahali ambapo ndugu zetu wanakufa.

Wa tatu anastahili jibu refu, naye atalipata. Lakini tuanze na mahali penyewe, maana wengi waliocheka hawakujua hata pa kukitafuta kisiwa hicho katika ramani.

Tchegera ni kisiwa kidogo chenye umbo la mwezi mwandamo, upande wa kaskazini wa Ziwa Kivu, si mbali na Goma. Umbo hilo halikutokea hivi hivi. Ni ukingo wa kinywa cha volkano ya kale ambacho sehemu yake kubwa imezama. Pale maji yanapotulia katikati ya pembe mbili za mwezi ndipo moto ulipokuwa ukitoka. Changarawe ya ufukweni ni nyeusi. Kisiwa kimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, hifadhi ya taifa iliyo kongwe kuliko zote barani Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kupewa jina la Albert, mfalme wa Wabelgiji, kama mji wetu ulivyobebeshwa jina la Jadot. Hifadhi ilijenga hapo kambi ya mahema, na msafiri alifika kwa mashua kutoka bara. Akiketi mbele ya hema lake aliiona Nyiragongo yenye mita 3,470, na Nyamulagira yenye mita 3,058, na upande wa mashariki Mikeno na Karisimbi zilizolala tangu zamani. Usiku, moto ulipopanda ndani ya shimo la Nyiragongo, mawingu juu ya mlima yaligeuka mekundu. Asubuhi alioga ziwani bila hofu ya mamba wala kiboko, maana Kivu haina hao.

Na huko lugha ni hii yetu. Watu wa Goma wana neno "mazuku" kwa ile gesi ya kaboni inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni, nzito, bila rangi wala harufu, ikaua mbuzi na hata mtoto anayepita alfajiri. Wataalamu wa volkano wa dunia nzima wameliazima neno hilo na kuliandika katika kazi zao bila kulitafsiri. Profesa wa ng'ambo anajifunza neno la Kiswahili ili aielewe nchi yetu, na sisi wenye Kiswahili tunasema nchi hiyo ni mambo ya wazungu!

Tunajua kasoro hii inatoka wapi. Sisi ni watoto wa mgodi. Mji huu ulizaliwa kwa ajili ya shaba, na ulikua kwa ajili ya shaba na kobalti. Karibu nasi, Shinkolobwe, ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoteketeza Hiroshima mwaka 1945. Vizazi kwa vizazi tumefundishwa kuiuliza ardhi ina nini ndani. Hakuna aliyetufundisha kuuliza inafanana na nini kwa nje. Kijana wa hapa anaweza kukutajia bei ya kobalti ya wiki hii, lakini muulize jina la ndege anayeimba juu ya paa la nyumba yao. Kila kilima tunachokijua kina shimo. Ndiyo maana mtu akisema anataka kwenda mlimani ili atazame tu, tunamshuku: ama ana kichaa, ama ameficha nyundo.

Sasa huo ubinafsi. Tuhesabu jubilei ya fedha jinsi tunavyoifanya: ukumbi, viti, vitenge vya sare ambavyo kila ndugu analazimika kununua hata kama hana karo ya shule, vipaza sauti, makreti ya bia, keki ya ghorofa tano, mpiga video. Kesho yake mume na mke wana deni. Na kitu kimoja ambacho siku hiyo ilipaswa kuwapa, yaani saa chache za kutazamana na kukumbuka walikotoka, hakikupatikana, kwa sababu Mama alikuwa akikimbia kati ya masufuria na Baba alikuwa akigombana na mtu aliyechelewesha bia. Hatujasikia hata mara moja mtu akisimama mbele ya makreti na kusema kwamba fedha hizo wangepewa maskini. Neno hilo linahifadhiwa kwa ajili ya wawili wanaotaka kwenda peke yao. Ni neno la zamani. Lilisemwa Bethania juu ya marashi, na mwinjili ametuambia alikuwa nani aliyelisema, na kwa nini.

Kuhusu Morisi na Réunion hatutakaa sana. Ni visiwa vizuri, navyo vimezaliwa na volkano. Piton de la Fournaise ya Réunion bado inatoa moto mara kwa mara. Mwenye uwezo na aende. Lakini Réunion ni Ufaransa, na viza yake ndiyo hiyo tunayoijua. Ajabu yetu ni kwamba mtu anakubali kuvuka mipaka na bahari ili kuitazama volkano, wakati nchi yake ina Nyamulagira, ambayo huhesabiwa miongoni mwa volkano zinazolipuka mara nyingi zaidi Afrika. Anayesema "Tchegera ni mbali" hajasema uongo, maana kutoka hapa hadi Goma ni zaidi ya kilomita 1,000 hata kwa mstari ulionyooka. Je, Morisi iko Kambove?

Tufike basi kwa yule aliyeuliza kwa uchungu.

Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma uliangukia mikononi mwa M23, na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Watu waliokuwa katika kambi za wakimbizi waling'olewa tena. Kwa familia nyingi za Katanga, Goma si mahali pa picha; ni jina la mji alikopelekwa mtoto wao mwenye sare ya jeshi, na simu yake ikanyamaza. Hatumwambii mtu yeyote afunge mizigo leo. Wale wawili nao hawakusema leo. Walisema siku moja, na wameanza kuweka akiba kwa ajili ya siku hiyo, na hapo ndipo tunapoona kwamba wao wameelewa jambo ambalo wapinzani wao hawajalielewa. Nchi hukatwa kwanza vichwani mwa watu wake, kabla ya askari kuikata. Siku tutakapokubali kwamba Kivu ni mahali pa vita tu, mahali tunapopataja katika maombi na katika habari za redio lakini hatupahesabu tena kuwa mahali ambapo sisi wenyewe tungeweza kulala, kuamka na kunywa chai, siku hiyo atakayekuja kupachukua atakuwa amekuta kazi imekwisha fanywa.

Tazameni watu wa Goma wenyewe. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka ubavu. Mto wa moto ukapita katikati ya mji hadi ziwani, ukaliteketeza hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Watu walirudi wakati mawe yalikuwa bado ya moto chini ya viatu vyao, wakajenga juu ya lava, kwa mawe ya lava, na chukudu zao za mbao zikaanza tena kubeba mizigo juu ya barabara nyeusi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukamwaga moto tena, usiku, watu wakakimbia, na baadaye wakarudi. Hawakusema nchi hiyo si yao. Basi sisi, ambao moto huo haukutugusa hata ukucha, tunapata wapi ujasiri wa kusema kwa niaba yao kwamba uzuri wa kwao ni aibu kutajwa?

Kuna jambo jingine, nalo linatuuma kuliko yote. Katika hifadhi hiyo walinzi zaidi ya 200 wameuawa wakiwa kazini. Ni Wakongomani, wengi wao vijana, wa umri wenu ninyi mnaosoma hapa. Mwezi Mei 2018 mlinzi mwanamke wa miaka 25 alipigwa risasi akiwalinda watalii wawili Waingereza waliotekwa njiani. Waingereza hao waliachiwa wakiwa hai, na hifadhi ikafunga milango kwa wageni hadi mwaka uliofuata. Binti wa nchi hii alikufa ili wageni waweze kuuona mlima wetu. Hatumlaumu mgeni hata kidogo. Alikuja kwa heshima na kwa upendo wa kitu kizuri. Lakini tukisema kwamba alichokilinda binti yule ni mambo ya wazungu, tumemfanya mtumishi aliyekufia mali ya watu wengine. Alikuwa mlinzi wa mali yetu, na sisi wenye mali hatujaenda hata kuitazama.

Wala hatutaki kuwatwika wananchi lawama yote. Bei za Virunga ziliwekwa kwa dola, na mwalimu wa Likasi hakuwa akilini mwa mtu bei hizo zilipopangwa. Mtu akitaka kufika huko hata wakati wa amani, tiketi ya ndege kutoka Lubumbashi ilikuwa inamaliza nusu ya akiba yake kabla hajaliona ziwa, na njiani kila meza ilikuwa na mtu anayengoja matabishi. Siku vita itakapokwisha, watakuja wataalamu wenye mipango ya kufufua utalii. Tunawaomba vijana wetu watakaokuwa vyuoni na ofisini wakati huo wasiuache mpango kama huo upite bila swali moja: raia atalipa kiasi gani, na je, atalipa kwa faranga? Hifadhi ambayo raia anaiona katika noti na stempu tu haitapata raia wa kuitetea siku itakapovamiwa.

Wale wanaojiandaa kwa ndoa wasituelewe vibaya. Hatusemi kila jubilei lazima iwe na safari, wala kwamba ngoma na vitenge ni dhambi; tumecheza sana katika kumbi hizo, na tutacheza tena. Tunachokataa ni ile hukumu kwamba wawili waliovumiliana miaka 25, kwa mshahara uliochelewa, kwa malaria, kwa kuzika na kuzaa, hawana haki ya kutaka kitu ambacho hakina faida kwa mtu mwingine yeyote isipokuwa wao wawili. Mji mzima ulikula katika harusi yao. Hiyo moja waachiwe.

Na wakati wa kungoja, macho yanaweza kufundishwa karibu. Katika Kundelungu, jimboni mwetu humu humu, mto Lofoi unaanguka kutoka ukingo wa uwanda wa juu kwa zaidi ya mita 300, katika mojawapo ya maporomoko marefu kuliko yote Afrika. Si volkano wala si kisiwa, na njia yake inahitaji gari lenye nguvu na watu wenye subira. Wangapi kati yetu tumeyaona? Kiangazi kikikomaa maji hupungua sana. Mwisho wa masika maji bado ni mengi na barabara huwa imeanza kukauka. Kikundi cha vijana kikichanga kidogo kidogo tangu Desemba, gari moja la kukodi litatosha watu kumi na wanane, na mablanketi wachukue, maana usiku wa uwanda ule ni baridi.