Dawa ya Chupa Haiponyi Moteri ya Zamani



Wengi wananiuliza kila siku kwenye mlango wa darasa: "Kapita, ile pesa ya motokari ilienda wapi?" Ni haki yenu kuuliza. Kila mmoja wenu alitoa franka 500, na mimi njo niliwaomba mzitoe. Kwa hiyo nataka kujibu mbele ya wote, na kisha nitoe mawazo yangu yulu ya jambo ambalo watu wa Bunia wanabishana kila siku kwenye garaje: moteri ya zamani inafaa kutiwa dawa ya chupa, ao hapana?

Motokari yetu mnaijua. Ni Land Cruiser yenye moteri ya Toyota inayoitwa 1HZ, ya mazutu, silinda sita, litri 4.2. Moteri za namna hiyo zilianza kutoka mwaka 1990, na watu wanazipenda sana huku kwetu sababu ni nguvu na hazina mambo mengi ya umeme. Lakini nguvu si kusema haizeeki. Yetu imebeba unga, mbao, wagonjwa, kwaya na masanduku ya mitihani katika njia ya Komanda na ile ya Mahagi, katika vumbi na katika matope. Mwanzo wa mwaka huu wa shule ilianza kutoa moshi wa bulu. Asubuhi ilipiga kelele kama mutu anayegonga sufuria.

Mwuzaji mmoja wa sokoni alituambia: "Hii moteri iko mgonjwa tu, haijakufa. Weka dawa, itanyamaza." Papa Shofere wetu aliogopa kidogo. Mimi sikuogopa. Nilisema tuchange, tununue. Tulinunua chupa ine kwa dola 40. Mbili zilikuwa za kufanya mafuta yawe mazito, na mbili za kusafisha ndani. Tulimwaga moja ya kusafisha na mbili za uzito. Juma la kwanza lilikuwa furaha. Moteri ilinyamaza kweli, moshi ulipunguka. Nilijisifu, nakiri.

Juma la tatu, usiku, dada mmoja wa internati alishikwa na homa kali, akaanza kutetemeka na kusema maneno yasiyo na mupango. Tukamweka katika motokari kwenda hospitali. Kwenye mlima taa nyekundu ya mafuta ikawaka, moteri ikaanza kugonga, Papa Shofere akaizima. Hakuna mutu aliyesema neno. Tulisimamisha mutu wa moto, dada akaketi katikati, mama mlinzi nyuma akimshika, wakaenda. Tunamshukuru Mungu, alifika, akapewa dawa ya malaria, leo anasoma pamoja nasi. Lakini mimi nilibaki pale njiani na ile motokari mpaka asubuhi, na nilikuwa na wakati wa kufikiri.

Fundi alipofungua karteri alitukuta wote tumesimama kama watu wa matanga. Alitoa chujio la pompi ya mafuta, akatuonyesha: lilijaa uchafu mweusi kama lami. Alieleza hivi. Moteri ambayo haikufanyiwa vidanje kwa wakati inajenga uchafu ndani, polepole, miaka na miaka. Uchafu ule unashikamana na chuma na kukaa kimya. Ukimwaga ghafula dawa kali ya kusafisha, unang'oka kwa vipande, unashuka chini, unaziba chujio. Pompi inavuta, hakuna kitu. Mafuta hayafiki kwenye kusineti, chuma kinakula chuma. Kwa neema tu Papa Shofere alizima mbio.

Na zile chupa za uzito je? Nilimwuliza sababu gani moteri ilinyamaza. Alicheka. Moteri iliyozeeka iko na nafasi kubwa kati ya vyuma, na pete za pistoni zimekwisha. Mafuta yanapanda juu, yanaungua pamoja na mazutu, njo ule moshi wa bulu. Ukitia kitu kizito, mafuta yanajaza ile nafasi, kelele inapunguka, moshi unapunguka. Lakini pete haikuota upya. Chuma kilichokwisha hakirudi kwa maji ya chupa. Tena asubuhi, wakati wa baridi, mafuta mazito sana yanachelewa kufika juu kwenye supapa, na wakati wa kuwasha ni wakati moteri inaumia sana. Kwa hiyo tulifunika ugonjwa na tuliongeza ugonjwa.

Nilipokwisha kusikia hayo nilianza kusoma. Nilikuta kwamba mafuta mazuri ya moteri yanatoka kiwandani tayari na dawa zake ndani: ya kuosha, ya kubeba uchafu usikae, ya kuzuia povu, na ya kulinda chuma, ambayo inatengenezwa na zinki na fosfori. Zote zimepimwa pamoja, kama vile mama anavyopima chumvi katika sombe. Mutu mwingine akija na kuongeza chumvi yake bila kuonja, chakula kinaharibika. Ni kwa sababu hiyo vitabu vya watengenezaji wengi wa motokari vinasema hakuna haja ya kuongeza kitu katika mafuta.

Tena tusifikiri ni sisi tu wa Ituri tunaodanganywa. Hata Marekani, wenye maabara na mainjinia wengi, walidanganywa. Mwaka 1995 kampuni iliyokuwa inauza STP ilikubali kulipa serikali dola 888,000 juu ya matangazo yake. Mwaka 1996 ofisi ya serikali inayosimamia ukweli wa biashara ilishitaki wenye Slick 50, ikisema hawakuwa na ushuhuda wa kutosha kwamba dawa yao inapunguza kuliwa kwa moteri. Mwaka 1997 walikubali kuacha kusema vile. Kama wale walihitaji sheria ili wasikie ukweli, sisi tunaonunua kwenye meza kando ya njia tunahitaji akili mara mbili.

Sasa wale wanaopinga. Ndugu mmoja wa darasa la tano aliniambia: "Papa yangu anatia dawa katika Hilux yake miaka mbili, na inatembea." Sikatai. Lakini nilimwuliza: anatia lini? Akajibu: anatia kila wakati wa vidanje. Basi, ndugu yangu, ni nini inayosaidia Hilux, ni dawa ao ni vidanje? Mutu akinywa kinini na kufunga kitambaa chekundu kichwani, homa ikipona, tusiseme ni kitambaa.

Mwingine alisema: "Mafuta mapya ni bei kali, chupa ni bei nafuu." Hapa iko na sehemu ya haki. Wazazi wetu si matajiri, na piyesi zinatoka mbali, Mombasa na Kampala, na kila bariere inaongeza bei. Lakini fundi alitupigia hesabu: kwa zile dola 40 tungepata filtri ya mafuta, filtri ya hewa, na sehemu kubwa ya mafuta ya vidanje moja. Chupa ilionekana nafuu kwa sababu tulihesabu chupa tu. Hatukuhesabu ule usiku.

Sitaki kusema kila dawa ni uongo. Haki ni haki. Kuna moteri za zamani sana za esansi ambazo vyuma vyake vya kusukuma supapa vinasuguana moja kwa moja, na zinataka zinki na fosfori nyingi kuliko mafuta mepesi ya sasa yanavyoleta, maana tangu mwaka 2004 kipimo cha fosfori katika mafuta hayo kilipunguzwa ili kulinda vyombo vya kusafisha moshi. Kwa moteri za namna hiyo dawa ya zinki inaweza kusaidia, lakini kuchagua mafuta yenye kipimo kinachofaa ni bora zaidi. Kuna pia dawa ya kulainisha mipira iliyokauka, ambayo inaweza kupunguza kuvuja kidogo. Na kama uko katikati ya pori na mafuta yanakwisha, utatia kitu chochote kinachofanana na mafuta ili ufike nyumbani. Hiyo ni shida, si desturi.

Kama moteri imezeeka na kitabu chake kinaruhusu, unaweza kupanda kwenye mafuta mazito kidogo, kama 20W-50 pahali pa 15W-40. Yanafanya kazi ile ile ya chupa ya uzito, lakini yametengenezwa kuwa mafuta, si kuficha kelele.

Kwa hiyo, kwa heshima yote mbele ya Bwana Prefe na Komite ya wazazi, napendekeza mambo haya kwa motokari yetu, iliyooshwa karteri na sasa inatembea tena kwa adabu:

1. Vidanje ifanywe kwa hesabu ya kilometri, si kwa hesabu ya kelele. Filtri ya mafuta ibadilishwe kila mara.

2. Filtri ya hewa ifunguliwe kila juma wakati wa jua. Vumbi letu jekundu likiingia katika silinda linakwangua kama msasa. Naamini vumbi limeua moteri nyingi Bunia kuliko uzee.

3. Kuwe kaye moja katika motokari. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, Papa Shofere apime mafuta kwa kijiti na aandike kilometri na kiasi alichoongeza. Baada ya miezi mitatu tutajua kama moteri inakula litri moja kwa kilometri elfu, ao inakula zaidi. Ikiwa ni litri moja, tutaongeza na kushukuru. Ikiwa ni tatu, tufanye kipimo cha kompresio na tuanze kuchangia pete mpya.

4. Mafuta yanunuliwe katika bidoni iliyofungwa, kwa mwuzaji anayejulikana, si katika chupa ya maji.

5. Pesa ya wanafunzi isitoke tena bila fundi kuulizwa kwanza. Hii inanihusu mimi.

Ndugu wanafunzi, tumefundishwa katika ibada habari ya makaburi yaliyopakwa chokaa, meupe nje, na ndani mifupa. Sikufikiri kwamba fundisho lile linaweza kuingia hata katika garaje. Nilitaka moteri inyamaze, na sikutaka kujua sababu gani ilikuwa inalia. Na sisi wenyewe tunafanya vile na mambo mengine: mwanafunzi anayenakili kazi usiku wa mwisho pahali pa kujifunza mwaka mzima, yeye pia anatia dawa ya chupa. Mtihani wa Serikali ni mlima, na taa nyekundu itawaka pale pale.

Chupa ya ine ingali haijafunguliwa, iko kwenye ofisi ya Bwana Prefe. Nimeomba tuirudishe kwa mwuzaji. Akikataa, nitalipa dola 10 zake mimi mwenyewe katika likizo, na pesa itaingia katika kaye ya motokari. Yeyote anayeona nimekosa katika mawazo haya aandike katika gazeti letu la mwezi ujao. Nitasoma, na sitakasirika.

Kapita Mkuu wa wanafunzi,
Darasa la mwisho