Uhuru, Utulivu na Mwenye Mizani

Watunga mitihani wetu wanalipenda mno swali hili: je, ni kiasi gani cha uhuru wake ambacho mtu hana budi kukitoa ili jamii itulie? Mwanafunzi hutakiwa alijibu kwa kuzitumia riwaya zinazobuni nchi za kesho zilizogeuka jela. Naye hujibu kama alivyofunzwa: kidogo huku, kidogo kule, kila jambo kwa kiasi. Hupewa alama nzuri. Sisi twasema kwamba swali lenyewe limepinda.

Lawafanya wasomaji waone uhuru na utulivu kama bidhaa mbili sokoni, na raia kama mnunuzi aliyekuja kwa hiari na kikapu chake. Katika riwaya hizo, ni wapi raia alipoulizwa bei?

Tuitazame ile ya Mwingereza Aldous Huxley, Brave New World, iliyotoka mwaka 1932, kwani ndiyo inayompa mtetezi wa utulivu hoja nzito kuliko zote. Humo watoto hutengenezwa katika chupa, wakagawanywa matabaka matano kabla hawajavuta pumzi; hufunzwa usingizini kuyapenda majaliwa yao; na mwenye huzuni humeza kidonge kiitwacho soma. Hakuna vita wala njaa. Mtawala, Mustapha Mond, si mtu wa mijeledi. Aeleza kwa upole kwamba sanaa, dini na sayansi ya kweli zimetolewa mhanga kwa ajili ya amani ya wote. Wasomaji wengi, na walimu pia, huitikia kwa kichwa.

Hoja anayo. Lakini hebu tuchungulie ndani ya kasha lake la chuma. Mna vitabu vilivyopigwa marufuku, naye huvisoma. Shakespeare anamjua vizuri. Kwa maoni yake, anayetunga sheria aweza pia kuzivunja. Basi mhanga huo wa wote, yeye hakuutoa!

Hali ni hiyo hiyo kwa George Orwell. Katika riwaya yake ya mwaka 1949, ofisa O'Brien hukizima chombo kinachowachungulia watu majumbani, jambo ambalo raia wa kawaida hathubutu. Baadaye humwambia mfungwa wake waziwazi kwamba madaraka hutafutwa kwa ajili ya madaraka. Hapo hata kisingizio cha utulivu kimetupwa. Na wanaolijua Shamba la Wanyama, alilolitafsiri Fortunatus Kawegere mwaka 1967, wanakumbuka maziwa na matufaha. Nguruwe waliyatwaa peke yao, kisha wakawaambia wenzao kwamba wao wasipoyala, bwana wa zamani atarudi. Wanyama walinyamaza.

Wako wanaodai kwamba vitabu hivi viliandikwa ili kuutukana ujamaa. Hawakuvisoma. Orwell alikuwa mjamaa, na alisema hivyo mwenyewe. Nayo nchi ya Huxley huhesabu miaka yake tangu gari la Ford. Watoto wake huzoezwa kuyachukia maua, kwa sababu anayefurahia maua hanunui kitu. Huo ni ujamaa wa wapi?

Sisi tuliozeekea ofisini hatuudharau utulivu. Ofisi isiyo na utaratibu haimpatii mjane haki yake, na nchi yenye fujo haimpi mtoto shule. Tunachokikataa ni kuufananisha utulivu na ukimya. Washairi wa Kiswahili wamelumbana magazetini miaka na miaka, wakarushiana maneno makali kwa vina na mizani mbele ya umma mzima, na wiki iliyofuata gazeti likatoka na majibu. Hakuna aliyeona kwamba jamii imetikisika. Mrusi Yevgeny Zamyatin, aliyetangulia kubuni nchi yenye nyumba za vioo, hakuipata nafasi hiyo: riwaya yake, iliyokamilika mwaka 1921, haikuchapishwa nchini mwake hadi mwaka 1988, naye alikuwa amekwisha kufa Paris tangu mwaka 1937.

Kwa hiyo twawaomba ndugu walimu waliache lile swali la vipimo. Wawaulize vijana: vitabu vilivyomo kashani mwa Mustapha Mond vingemdhuru nani vikisomwa na wote? Tena wawaache wabishane, hata kengele ikilia.