Moshi wa Dandora na Walinzi wa Mapafu

Hapana mkaazi wa Dandora, Korogocho wala Kariobangi jijini Nairobi asiyeujua moshi wa jaa la taka, ambao jioni huingia majumbani bighairi ya hodi, ukaganda katika mapazia na nguo zilizoanikwa, hata mama akalazimika kufunga dirisha ilhali jiko la makaa lingali linawaka ndani. Mtoto akikohoa, aghalabu husemwa kwamba ana kifua dhaifu. Hupelekwa zahanati, akapewa dawa, akapata nafuu, na punde si punde akarejea na maradhi yale yale. Rai yangu ni kwamba udhaifu huo hakuzaliwa nao. Ametiwa na hewa aivutayo.

Katika vifuko vidogo vya hewa vilivyo mwisho wa mapafu, Mwenyezi Mungu ameweka seli za kinga ziitwazo makrofaji, walinzi wa zamu wanaomeza vumbi na vijidudu vinavyoingia na pumzi, kazi ikaisha pasi na homa wala kikohozi. Lakini moshi huja na gesi pia. Salfa dioksaidi, kwa kuwa huyeyuka upesi katika maji, hudhuru zaidi pua na koo. Walakini naitrojeni dioksaidi, itokayo katika injini za matatu na malori ya Jogoo Road na katika taka ziunguazo, pamoja na ozoni izaliwayo gesi za namna hiyo zinapopigwa na jua, hushuka hadi chini kabisa. Huko huwapunguzia walinzi hao nguvu ya kumeza na kuua vijidudu; kisha seli zilizojeruhiwa huita seli nyingine kutoka katika damu, nazo zikifika kwa wingi humwaga sumu iliyokusudiwa adui, ikaumiza utando wa mapafu yenyewe. Hapo ndipo pumu inapochochewa na nimonia ikapata njia.

Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangaza matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 waliokaa karibu na jaa la Dandora, na takriban nusu yao walikutwa na maradhi ya njia ya pumzi. Jaa lenyewe lilikuwa limekwisha tangazwa kujaa tangu 2001. Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru lifungwe katika muda wa miezi 6. Muda ukapita, na malori yakaendelea kumwaga taka.

Wako wasemao kwamba jaa ni riziki ya maelfu ya waokota taka, na neno lao lina haki. Hata hivyo riziki hiyo imo katika chupa, vyuma na plastiki, wala haimo katika moshi, ambao wao ndio wa kwanza kuuvuta. Taka zichambuliwe mitaani kabla ya kupakiwa, waokotaji wapewe mahali pa kufanyia kazi hiyo kwa ujira, uchomaji ukomeshwe, na magari yatoayo moshi mweusi yaondolewe barabarani. Kifungu cha 42 cha Katiba kimempa kila mtu haki ya mazingira safi. Serikali ya Kaunti ya Nairobi na itekeleze hukumu ya mahakama, kwani dawa ya kikohozi haitawafaa watoto wa mitaa hii maadamu kinachowakohoza kingali kinafuka.