Aliyekabidhiwa Jumuiya Amekabidhiwa Amana



  Mwaka huu tumeona tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa dogo, nalo ni kukabidhiwa jumuiya ambayo hukuianzisha wewe. Jumuiya hiyo inaweza kuwa kundi la WhatsApp la wazazi, chama cha kufa na kuzikana, au hata kiwanda kizima. Jina la mwenye mali hubadilika, watu hubaki wale wale. Je, huyu mmiliki mpya amepewa nini hasa?

Maoni yetu tunayasema mapema ili kila mmoja ayapime: amepewa ufunguo, hakupewa watu. Ufunguo hununuliwa au hurithiwa. Imani ya watu haina bei, na anayeingia na ufunguo peke yake huishia kulinda nyumba tupu.

Tuanze na yaliyo karibu. Kutoka Kilosa mjini hadi Mikumi, nyumba nyingi sasa zina simu, na katika simu hiyo kuna kundi. Humo hupita taarifa za misiba, michango ya maziko, habari za ada, picha za watoto siku ya Maulidi, na mvua zikizidi, habari za mto. Aliyeanzisha kundi akihama au akifariki, kundi hubaki mikononi mwa mtu mwingine. Tumeyaona yanayofuata mara nyingi. Watu huamka asubuhi wakakuta jina la kundi limebadilishwa, wazee wawili watatu wametolewa bila kuambiwa neno, na matangazo ya mikopo ya haraka yanamiminika. Ukiuliza unajibiwa, "Kundi ni langu." Mwezi haupiti, watu wanaondoka mmoja mmoja. Siku msiba unapotokea, tangazo halimfikii anayepaswa kuzika.

Wilaya yetu si ngeni katika mambo ya kubadilisha wamiliki. Ukitoka Mikumi kwa barabara ya Ifakara, ukapita Kidodi, unafika kwenye miwa. Kampuni ya Sukari Kilombero ina kiwanda cha Msolwa upande wa Kilombero na cha Ruembe upande wetu wa Kilosa, na Mto Ruaha Mkuu unapita katikati. Kwa miaka mingi kampuni ilikuwa mali ya serikali, na hadi miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka sana. Mwaka 1998 serikali iliuza sehemu kubwa ya hisa kwa Illovo ya Afrika Kusini na mwenzake ED&F Man, yenyewe ikabaki na asilimia 25.

Wamiliki wale wapya walinunua mitambo na mashamba. Lakini nje ya mashamba yale walikuwepo wakulima wadogo wenye ekari zao chache, waliokuwa wakilima miwa kabla mmiliki mpya hajafika. Hao hawakuwemo katika mauzo. Hata hivyo mashine bila miwa yao hazishibi. Walipopata pa kuuza kwa uhakika, idadi yao iliongezeka hadi kupita 8,000, wakawa na vyama vyao, na sukari ikavuka tani 100,000 kwa mwaka. Hayo ni mafanikio na tuyaseme. Lakini malalamiko pia yalikuwepo kwa miaka mingi, hasa juu ya kupima kiwango cha sukari kilichomo ndani ya muwa. Mkulima analipwa kwa kipimo hicho, na kipimo kinafanyika kiwandani, mahali asipopaona. Tunajifunza hapa kwamba hata mambo yakienda vizuri, watu wanataka kuiona mizani. Anayeficha mizani hupoteza imani hata kama anapima kwa haki.

Mfano wa pili ni reli. Mji wa Kilosa umekua pembeni ya kituo chake, na kutoka hapo tawi la reli linapita Mikumi hadi Kidatu. Oktoba 2007 kampuni ya RITES ya India ilichukua asilimia 51 ya shirika la reli kwa mkataba wa miaka 25, na serikali asilimia 49. Muda si mrefu wafanyakazi wakagoma wakidai mishahara yao. Mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yakaja mafuriko makubwa ya Kilosa, yakakata njia kati ya Kilosa na Gulwe, na treni zikasimama kwa miezi kadhaa. Mwaka 2011 serikali ikachukua tena hisa zote. Miaka 25 haikufika hata mitano.

Hatusemi kosa lote lilikuwa la upande mmoja. Reli ilikuwa chakavu kabla ya mgeni kufika, na mvua haimwogopi mmiliki. Tunachosema ni kwamba shida ilipokuja, hapakuwa na akiba ya imani kati ya mwenye reli na watu wa reli. Akiba hiyo huwekwa siku za mwanzo, na asiyeiweka hana cha kutoa siku ya dhiki.

Sasa tutazame dunia ya simu yenyewe. WhatsApp tunayoitumia ilinunuliwa na Facebook mwaka 2014 kwa dola bilioni 19. Januari 2021 watumiaji waliletewa masharti mapya wayakubali. Wengi hawakuelewa maana yake, hofu ikaenea, na mamilioni wakakimbilia Signal na Telegram. Kampuni ikalazimika kusogeza mbele tarehe na kuanza kufafanua. Oktoba 2022 Elon Musk aliinunua Twitter kwa dola bilioni 44. Ndani ya siku chache karibu nusu ya wafanyakazi waliachishwa kazi, watangazaji wengi wakajitoa, na Julai 2023 jina likawa X. Mwenye mali alikuwa na haki yake kisheria. Lakini sheria haiwezi kumlazimisha mtu abaki mahali asipopaamini.

Sisi Waislamu tunao mfano ulio bora kuliko yote hii. Mwaka wa 8 Hijria (630), Mtume Muhammad (S.A.W.) aliingia Makka akiwa mshindi. Ufunguo wa Al-Kaaba ulikuwa kwa Uthman bin Talha. Walikuwepo jamaa wa karibu wa Mtume waliotamani kazi ile, na hapana ambaye angeweza kumzuia kuwapa. Yeye akamrudishia Uthman ufunguo wake, na ukoo wa Banu Shayba unaushika hadi leo. Makka ilibadilika mambo mengi siku ile, masanamu yaliondolewa, lakini aliyekuwa akiifanya kazi ya kufungua mlango hakuvunjiwa heshima. Hapo ndipo tunapojifunza tofauti ya kusafisha na kufukuza.

Wapo watakaosema kwamba mmiliki mpya hawezi kufungwa na mambo ya zamani, kwani jumuiya nyingine zimeoza na zinahitaji mkono mkali. Ni kweli. Kiwanda kile kisingebadilishwa kisingesimama, na kundi lililojaa matusi na uzushi lazima lisafishwe. Hatupingi mabadiliko. Tunapinga mabadiliko ambayo watu wanayakuta asubuhi kama maji ya mafuriko, bila taarifa na bila sababu.

Kwa hiyo tunawausia vijana wetu, ambao kesho ndio watakaokabidhiwa makundi, vyama na pengine makampuni, mambo yafuatayo.

Kwanza, ukikabidhiwa, jitambulishe, kisha sikiliza. Uliza kila mtu anafanya kazi gani pale hata kama hana cheo. Mama anayekumbusha michango kila Ijumaa ni nguzo, ingawa jina lake halipo popote.

Pili, dai makabidhiano ya maandishi mbele ya mashahidi: pesa ni kiasi gani, ziko kwenye laini ya nani, na namba za siri ni nani anazijua. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hupewa mtu mwingine, na mali ya watu ikaingia mashakani.

Tatu, namba za simu na picha za watoto ulizozikuta si bidhaa. Watu walizitoa kwa ajili ya kuzikana na kusomesha watoto, hawakuzitoa ziuzwe kwa wafanyabiashara.

Nne, tangaza mabadiliko kabla hayajafika, toa sababu, na acha nafasi ya kujibu. Anayetaka kuondoka aondoke kwa salama, na arudi akitaka.

Tano, onyesha mizani. Kila mchango usomwe hadharani, umeingia kiasi gani na umetoka kiasi gani.

Nanyi wanajumuiya mnayo sehemu yenu. Msimhukumu mgeni kabla hajafungua kinywa, wala msimlinganishe kila siku na marehemu aliyemtangulia. Na wewe unayekabidhi, usibaki na ufunguo wa pili mfukoni. Ukitoa amana, itoe yote, kisha muombee dua unayemwachia.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mmiliki mpya ni mgeni siku ya kwanza, hata kama hati zina jina lake. Akiingia kwa adabu ya ugeni, wenyeji watapona na yeye atapata watu. Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotunza amana.

Wabillahi tawfiq.