Wembe Mmoja kwa Shingo za Watu Wote

Msafiri anayeifuata barabara ya taifa namba 3 ya Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, akapita Magara, kisha Minago, hadi Rumonge mjini, hatapata shida kumwona kinyozi. Banda la mabati, kioo, kiti, redio, benchi la wanaosubiri zamu. Kwenye mabenchi kama hayo kuna imani iliyozoeleka mno: kwamba fundi wa kweli ni yule mwenye wembe wa kukunja wa chuma kizito, anaounoa mwenyewe kwenye mkanda wa ngozi, na kwamba anayevunja wembe wa pakiti na kuuchomeka kwenye mpini bado hajaijua kazi. Wazee huisema kwa kumbukumbu za vinyozi wao wa zamani. Vijana huirudia kwa sababu ya video za saluni za Istanbul na Dubai, bila kugundua kwamba wembe unaong'aa kwenye video hizo mara nyingi ni huohuo wa kubadilisha.

Imani hiyo ni ya hatari na inafaa iachwe.

Sifa ya kwanza ya wembe wa kunoa ni kwamba unanyoa hadi chini kabisa, kidevu kikabaki laini. Ni kweli, na kwa ndevu za Waafrika wengi hapo ndipo balaa linapoanzia. Unywele uliojikunja ukikatwa chini ya usawa wa ngozi hubaki na ncha kali kama ya sindano. Ukianza kuota hupinda na kuichoma ngozi ileile ulimotoka, na mwili hupambana nao kama mwiba. Hivyo ndivyo vinavyozaliwa vipele vya shingoni, usaha, madoa meusi, na kwa wengine makovu yanayovimba. Fundi anayesifiwa kwa kuivuta ngozi kwa vidole viwili na kupitisha wembe kinyume cha nywele ndiye hasa anayevipanda. Madaktari wa ngozi huwashauri wenye tatizo hili waache kunyoa hadi chini, watumie mashine inayobakiza ndevu kidogo. Jeshi la Marekani kwa miaka mingi lilitoa vibali vya kutonyoa kwa sababu ya vipele hivyo, na waliovihitaji zaidi ni askari weusi. Wembe wa kubadilisha nao huleta vipele ukishikwa na mkono mbaya, kwa hiyo kwenye hesabu ya ngozi hakuna unaostahili kuabudiwa. Kinachoamua ni damu.

Hapo ndipo wapenzi wa wembe wa kunoa hutaja spiriti. Kinyozi huchovya pamba, huipitisha kwenye makali mara mbili tatu huku akimkaribisha anayefuata, na benchi zima huridhika. Ukweli ni mwingine. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata pale ambapo jicho halioni tone la damu, na huambukiza kwa urahisi mara 50 hadi 100 kuliko VVU. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi nacho, na asilimia 63 ya maambukizi mapya yalitokea Afrika. Spiriti inayofutwa kwa sekunde chache na kukauka haipati muda wa kufanya kazi, tena povu la sabuni na damu iliyokauka kwenye ungio la mpini huwa ngao ya kirusi.

Kukisafisha kifaa cha aina hiyo sawasawa kunataka kwanza kukisugua kwa maji na sabuni, kisha mvuke wa mgandamizo wa nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi, kama vifaa vya upasuaji. Nani mwenye mtambo huo bandani? Akitumia klorini, chuma huliwa na kutu. Akikichoma kwenye moto hadi kiwe salama, makali hulegea. Kwa maneno mengine, karibu kila njia ambayo kinyozi wa barabarani anaweza kuimudu, ikiwa ina nguvu ya kutosha, humharibia wembe, na ndiyo maana anarudi kwenye pamba yake.

Hata wembe ukitakata, bado kuna mkanda. Makali hupitishwa kwenye ngozi ya mkanda kabla ya kumfikia kila mteja, na ngozi hiyo haichemshwi wala haiokwi. Mabaki ya shingo ya asubuhi yanaweza kurudishwa kwenye shingo ya jioni. Jiwe la shabu linalosuguliwa penye mkato, moja kwa wateja wote, lina kosa hilohilo. Kwamba vifaa vinavyoandamana na wembe huleta ugonjwa si jambo geni: wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia watu waliugua kimeta Uingereza na Marekani, na mkosaji hakuwa wembe. Alikuwa brashi ya kupakia povu, iliyotengenezwa kwa manyoya ya wanyama yasiyosafishwa vyema.

Jambo linalopaswa kuwaamsha watu wa mwambao huu zaidi ni vichwa vya watoto. Katika familia za Kiislamu za Rumonge, kama kwingineko Uswahilini, akika huenda pamoja na kumnyoa mtoto nywele za kuzaliwa siku ya saba. Ni sunna njema, na furaha ya nyumba nzima. Lakini mtoto huyo bado hajafikia chanjo ya mseto yenye kinga ya homa ya ini B, ambayo huanza akiwa na wiki 6. Mtu mzima akiambukizwa kirusi hiki, mara nyingi mwili hukishinda. Wanaobaki nacho hawafiki asilimia 5. Kwa mtoto mchanga hesabu hugeuka: takriban 95 katika kila 100 hubaki nacho, na huenda miaka mingi baadaye kikamletea ugonjwa wa ini au saratani. Kumpitishia utosini wembe uliotoka kwenye kidevu cha mtu mzima, hata kama ni wembe wa fundi mwenye jina, ni jambo lisilo na udhuru. Mamlaka za Saudia huwahimiza mahujaji wanyolewe na vinyozi wenye leseni, kila mmoja kwa wembe wake. Lililo zuri kwa hujaji Mina halishindikani kwa mtoto Rumonge.

Kuna hoja ya gharama, nayo isipuuzwe, maana uhaba wa fedha za kigeni umepandisha bei ya bidhaa nyingi Burundi. Ila wembe wa pakiti ukivunjwa katikati ungali ndani ya karatasi yake hutoa makali ya wateja wawili. King Gillette, aliyeanza kuuza nyembe za kutupwa mwaka 1903, aliuza mashine 51 tu mwaka huo. Kufikia mwaka 1918, vitani, askari wa Marekani walikuwa wakigawiwa mashine hizo kwa mamilioni. Wembe wa kutupwa ulishinda kwa sababu ulikuwa rahisi na wa bei ndogo, na bado uko hivyo.

Wanaotumia mpini nao wasijipongeze mapema. Wembe wa kubadilisha usiobadilishwa hauna ubora wowote. Kuna anayenyolea nusu moja kuanzia asubuhi hadi ikaanza kung'oa nywele, na huyo ni hatari kuliko mzee mwenye mkanda, kwa kuwa mteja wake ameketi akijiona salama. Mpini wenyewe unataka kuoshwa na kulowekwa kwenye klorini kila baada ya mtu, na nyembe zilizotumika ziingie kwenye kopo lenye kifuniko, si mchangani ufukweni ambako watoto wanakimbia peku.

Anayeupenda wembe wa babu yake aupende nyumbani, kwa uso wake peke yake. Kwenye kiti cha biashara, mteja adai karatasi ya wembe ifunguliwe mbele ya macho yake, na mzazi asimkabidhi mtoto wa siku saba kabla hajaiona ikifunguliwa. Kinyozi akikataa, mteja anyanyuke aondoke.