Karakana ya mabati nyuma ya nyumba? Kanjo wanataka kibali

Sikia msee, hiyo karakana ya mabati unayopanga kusimamisha nyuma ya nyumba ya mzee wako, kisheria ni jengo kama majengo mengine. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka upate kibali cha kaunti kabla hujachimba shimo la nguzo. Ukipuuza, ni faini ya hadi Sh500,000 au jela miezi miwili, au vyote viwili. Hebu jumlisha mabati, vyuma na mashine ya kuchomelea uone kama vinafika hapo.

Hapo ndipo serikali inanichanganya. Kila kampeni ni "vijana jiajirini", jua kali inasifiwa jukwaani, halafu fundi wa mageti anatiwa kapu moja na tajiri wa ghorofa. Kaunti zinaweza kuweka ada nafuu na njia fupi kwa vibanda vya kazi. Hazitaki tu.

Ila jirani pia ana haki. Grainda ikilia saa nne usiku, mtoto wake halali, na simu ya kwanza kwa kanjo hutoka kwake. Ongea naye mapema.

Na dukani usidanganywe na namba: bati la geji 30 ni jembamba kuliko la 28.