Fasihi si ya watoto wa shule tu

Ofisi za Kigali zinapofungwa jioni, mfanyakazi anayetaka kujiendeleza hakosi kozi ya kompyuta, uhasibu au Kiingereza. Darasa la kusoma riwaya na wenzake ni vigumu kulipata. Fasihi huachwa pamoja na sare za shule, mtihani wa mwisho ukimalizika.

Hiyo ni hasara. Katika Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis, kijana Yusuf anatolewa kwa tajiri kufidia deni la baba yake, kisha anafuata msafara wa biashara kutoka pwani hadi bara. Mwanafunzi atakariri majina ya wahusika. Mzazi aliyewahi kukopa karo ataelewa kwa nini baba yule hakumweleza mwanawe ukweli.

Jijini London, Chuo cha Birkbeck kilianza mwaka 1823 kwa ajili ya mafundi, na hadi leo watu wazima husoma hapo jioni, fasihi ikiwamo.

Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, lakini sheria peke yake haimfundishi mtu kumsikiliza jirani. Vyuo vikuu na maktaba za umma vina vyumba, na vitabu vya majirani vipo. Kinachotakiwa ni jioni moja kwa wiki, mwalimu anayelipwa, na ada ambayo hata karani na dereva wa teksi wataimudu. Wizara zinazohubiri ujirani mwema zianzie hapo.